Niling'arisha dashibodi ya baba, kumbe ukungu ulikuwa machoni mwake

Baba yangu si mtu wa kuomba. Miaka yote aliyofundisha shule za msingi mkoani Mbeya, na hata baada ya kustaafu, ukimuuliza anahitaji nini atakujibu, "Afya tu, mwanangu." Ndiyo maana Agosti mwaka jana aliponipigia simu nikiwa kazini Iringa na kuniambia, "Ukija likizo nitengenezee gari ndani, limepauka mno, hata kioo cha spidi hakisomeki," sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla nyeupe ya mwaka 1998, ambayo aliinunua kwa mtu nikiwa kidato cha pili. Ndilo lililonipeleka chuo kikuu Iringa, godoro likiwa limefungwa juu kwa kamba, na nyuma ndoo mbili, begi na nusu gunia la mchele wa Kyela ambao mama aliamini nisipoubeba nitakufa njaa. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300: Uyole, Inyala, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, Ifunda, hadi Ipogolo ndipo upande mlima kuingia mjini. Baba aliiendesha njia hiyo kila muhula, akinionyesha malori yaliyoharibika kwenye mteremko wa Inyala na kusema, "Umeona? Haraka."

Safari hii alikuwa na sababu. Oktoba kulikuwa na harusi ya binamu yangu, mtoto wa mjomba, huko huko Iringa. Mama ni Mhehe, baba ni Mnyakyusa, na baba hajawahi kusahau kwamba Iringa ni ukweni. "Siwezi kwenda kwa wakwe na gari lenye uso wa mgonjwa," alisema. Nilicheka. Sikujua nani hasa alikuwa mgonjwa.

Mafuta ya mgando kwenye dashibodi

Nilifika nyumbani Nzovwe siku ya Jumamosi. Baada ya shikamoo na chai nikaenda uani kulikagua gari. Nilipofungua mlango nilipokelewa na harufu ya mafuta yaliyochacha na vumbi.

Dashibodi iliyokuwa ya kijivu iliyokolea ilikuwa na weupe weupe, kama ubao wa darasani uliofutwa vibaya. Plastiki za mlango wa dereva zilikuwa zimeumia zaidi, kwa sababu baba huegesha pale pale kila siku, ubavu wa kulia ukitazama magharibi. Juu ya weupe huo alikuwa amepaka mafuta ya mgando, haya haya tunayojipaka mwilini.

"Nilitaka ing'ae kidogo," alijitetea.

Si yeye peke yake. Nimeona watu wakifuta dashibodi kwa mafuta ya kupikia, wengine kwa dizeli. Siku ya kwanza plastiki inawaka kweli. Baada ya wiki vumbi limenasa, linageuka tope, na ukifuta unasugua mchanga juu ya plastiki. Mafuta hayarudishi rangi, yanaificha tu.

Kinachoipausha plastiki ni jua. Miale yake ya urujuanimno, ambayo hatuioni kwa macho, hukata minyororo mirefu ya kemikali iliyoishikilia plastiki, na oksijeni ya hewani humalizia kazi. Tabaka la juu linavunjika vipande vidogo mno, na vipande hivyo ndivyo tunavyoviona kama weupe wa chaki. Joto la ndani ya gari lililofungwa vioo huharakisha mambo.

Nyanda za Juu Kusini tunadanganywa na baridi. Juni na Julai tunavaa makoti, tunaota jua na kusema jua la huku halina makali. Lakini Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kila ukipanda mita 1,000, nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa uko juu ya mita 1,500. Baridi haipunguzi miale.

Haya yote nilikuwa nayajua, kwa sababu nimeyaandika gazetini. Niliyaandika kwa ajili ya watu wenye ualbino, wakulima na mama zetu wanaouza mboga barabarani. Siku ile niliyakumbuka kwa ajili ya plastiki, wala sikufika mbali zaidi ya hapo.

Kazi ya siku nne

Jumatatu nilikwenda Mwanjelwa kutafuta vifaa. Kijana wa kwanza niliyemkuta kwenye kosha magari alinipa jibu la haraka. "Dada, hiyo tunaipiga dawa inawaka kama mpya, Sh10,000 tu." Fundi mmoja mtu mzima, anayejulikana kwa kufungua dashibodi, ndiye aliyenipa somo.

"Ukiifungua, tazama mgongoni," aliniambia. "Kuna herufi. Ukikuta PP, rangi haishiki mpaka uanze na praima ya plastiki. Ukikuta ABS, hiyo ni rahisi. Usiipige rangi kabla hujaisoma."

Nilirudi na bisibisi, msasa laini, praima, kopo mbili za rangi ya kupuliza ya kijivu, vitambaa laini na barakoa. Mswaki mkuukuu niliukuta nyumbani.

Siku ya kwanza niliosha tu. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, mswaki kwenye mikunjo, kitambaa chenye unyevu kufuta, kikavu kukaushia. Nilirudia mara tatu ndipo mafuta ya mgando yalipoachia. Sikumwaga maji, kwa sababu nyuma ya dashibodi kuna nyaya. Kwenye sehemu zilizong'ang'ania utelezi nilitumia spiriti kidogo, baada ya kuijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Siku ya pili nilifungua plastiki za milango na ile inayozunguka gia. Hapa ndipo uvumilivu unapohitajika. Klipu za gari la umri huo zimekauka kama biskuti. Ukivuta kwa hasira zinakatika. Nilivunja mbili, na baba aliyekuwa amekaa kwenye kigoda pembeni akasema, "Haraka."

Siku ya tatu nilipiga msasa kidogo mno, nikafuta vumbi, nikapuliza praima halafu rangi, tabaka nyembamba nyembamba, nikisubiri kila moja ikauke. Nilifanyia uani penye hewa, nikiwa na barakoa, na watoto wa jirani niliwafukuza, maana ule moshi wa rangi si wa kuvuta. Dashibodi yenyewe sikuipiga rangi. Niliisafisha na kuipaka dawa ya maji isiyong'aa. Usukani wenye mfuko wa hewa ndani yake sikuugusa kwa rangi kabisa.

Jioni ya siku ya tatu milango ilirudi mahali pake, na gari likaanza kufanana na lile lililobeba godoro langu. Mama alitoka jikoni, akaingiza kichwa dirishani, akanusa. "Sasa tunaweza kwenda kwetu," akasema.

Baba alipita mkono juu ya plastiki taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. "Vizuri," alisema. "Ila mbona haing'ai? Na kile kioo cha spidi hujakifanya."

Kwa sababu alitaka ing'ae, asubuhi iliyofuata alichukua mwenyewe chupa ya dawa aliyouziwa zamani barabarani, ile yenye utelezi, akaipaka dashibodi nzima. Sikumzuia. Gari ni lake.

"Mama mwenye ndizi!"

Mchana wa siku hiyo alitaka tukalijaribu gari. Tulikwenda hadi Kabwe, tukanunua nyama, tukaanza kurudi kama saa kumi na moja. Kurudi Nzovwe jioni unalitazama jua usoni. Baba aliendesha, mama akakaa mbele, mimi nyuma.

Tangu tulipoondoka mama hakunyamaza. "Bajaji hiyo kushoto." "Trafiki mbele." "Bodaboda anakuja." "Tuta hilo." Nilikaa nyuma nikiudhika kimoyomoyo. Nilifikiri, kweli ndoa ya miaka zaidi ya 30 ndiyo hii, mtu haachiwi hata kuendesha gari lake kwa amani?

Karibu na Mafiati mama alipiga kelele. "Mama mwenye ndizi! Baba fulani, mama mwenye ndizi!"

Baba alikanyaga breki. Nilirushwa mbele, mfuko wa nyama ukaangukia miguuni. Mwanamke mwenye beseni la ndizi kichwani alikuwa katikati ya kivuko cha watembea kwa miguu, hatua mbili kutoka kwenye boneti. Alitutazama bila kusema neno, akamalizia kuvuka.

Baba alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Ni hii dashibodi," alisema. "Inawaka hadi kwenye kioo."

Alikuwa na ukweli. Dashibodi iliyopakwa kitu kinachong'aa hurudisha mwanga kwenye kioo cha mbele, na jua likiwa usoni dereva anaona taswira ya dashibodi badala ya barabara. Lakini mimi niliyekuwa nyuma yake nilimwona mwanamke yule. Mama alimwona. Kioo kilikuwa kile kile.

Ukungu haukutoka

Siku iliyofuata niliifuta ile dawa yote, kisha nikakigeukia kioo cha plastiki kinachofunika mshale wa spidi. Kioo cha namna hii mara nyingi ni akriliki, na hakipendi spiriti wala petroli, kwani kinaweza kupasuka nyufa ndogo ndogo kama nywele. Nilitumia dawa ya meno, ile nyeupe ya kawaida, nikasugua kwa kitambaa laini taratibu kwa zaidi ya saa nzima, nikafuta kwa maji. Nilikikwangua kidogo, nakiri, lakini ukungu ulitoka. Namba zote kutoka sifuri hadi 180 zilisomeka.

Nilimwita baba. Aliketi, akainama, akafikicha macho.

"Bado," alisema. "Bado kuna ukungu."

"Wapi, baba?"

"Hapa pote."

Nilichukua tochi ya simu nikamulika namba. Akageuza uso haraka na kukunja sura kana kwamba nimemrushia mchanga. Nilipomtazama nikiwa bado nimeshika tochi, ndipo nilipoona katikati ya mboni ya jicho lake la kulia rangi ya kijivu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi.

Msomaji wangu, mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimekwenda kwenye kambi za macho. Nimeandika makala za Siku ya Uoni Duniani, inayoadhimishwa kila Alhamisi ya pili ya Oktoba, na ndani yake nikaorodhesha dalili za mtoto wa jicho: kuona kama kuna ukungu au moshi, kuumizwa na mwanga, taa za magari usiku kuonekana zimezungukwa na duara, rangi kufifia, kubadilisha miwani mara kwa mara bila nafuu. Na miezi kadhaa kabla, baba aliniambia kwa simu, "Gazeti lenu siku hizi mmepunguza herufi." Nikacheka. Nikamwambia nitamfikishia mhariri.

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Mama, baba haoni?"

Hakuinua kichwa. "Anaona. Mchana anaona. Jua likiwa usoni au usiku ndiyo shida."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na wewe unakaa naye mbele?"

"Sasa nani amwonyeshe njia?" Ndipo akanitazama. "Alinikataza kukwambia."

Mama wa watu hakuwa akimsumbua dereva. Alikuwa macho yake. Kwa miaka miwili walikuwa wanaliendesha gari lile watu wawili, mmoja miguu na mikono, mwingine macho, na mimi nilikuwa nikiwapigia simu kila Jumapili na kuambiwa hawajambo.

Ufunguo

Usiku ule, baada ya chakula, nilimwomba baba azibe jicho la kushoto anisomee kalenda iliyo ukutani. Alikataa. Nikamwomba tena. Alisoma mwezi, kwa sababu maandishi yake yalikuwa makubwa na aliujua. Tarehe hakuziona.

"Baba, huu ni mtoto wa jicho. Unatibika."

"Najua unatibika. Nimesoma kwenye gazeti lako."

Nilikosa la kusema. Alikuwa amesoma ile makala. Alikwenda chumbani akairudisha imekunjwa ndani ya Biblia, imekatwa vizuri kwa mkasi.

"Sasa kwa nini, baba?"

Alikaa kimya kitambo. "Nikisema sioni, mtaninyang'anya ufunguo," alisema. "Mama yako magoti hayamsaidii. Kliniki, sokoni, kanisani, ni gari lile. Nikikaa chini, tumekaa wote wawili." Kisha akaongeza sababu ambayo nimeisikia kwa wengi: aliambiwa asubiri mtoto wa jicho aive ndipo atolewe.

Hiyo ni habari ya zamani. Kwa upasuaji wa siku hizi hakuna haja ya kusubiri mtu apofuke ndipo atibiwe. Kinachoangaliwa ni kama uoni umeanza kumzuia kufanya shughuli zake. Tena ukisubiri mno, mtoto wa jicho aliyekomaa sana huwa mgumu kutoa na anaweza kuleta matatizo mengine ndani ya jicho. Nilimweleza hayo kwa sauti ya kitaalamu, kama ninavyowaeleza wasomaji. Hakujibu.

Kwa hiyo nikaacha utaalamu. Nilimwambia, "Baba, yule mama wa ndizi alikuwa hatua mbili."

Alitazama chini muda mrefu. Halafu alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo na kuuweka mezani. Hakunipa mkononi. Aliuweka katikati ya meza, karibu na chumvi, akaenda kulala. Nami sikuuchukua. Ulilala pale hadi asubuhi, na mama alipanga vikombe vya chai akiuzunguka.

Asubuhi baba alitoka amevaa suti yake ya kanisani. "Twende huko kliniki," alisema. "Utaendesha wewe."

Plastiki ndani ya jicho

Kliniki ya macho walimpima uoni, presha ya macho, wakaangalia nyuma ya jicho, wakampima na sukari. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, la kulia zaidi. Nilimuuliza daktari kama ni jua la kuendesha gari miaka yote. Alikuwa mwangalifu: sababu kubwa ni umri, kisha kuna kisukari, kuumia jicho, kuvuta sigara, na matone yenye steroidi ambayo watu hujinunulia dukani na kuyatumia miezi na miezi bila kuandikiwa. Mwanga wa jua wa muda mrefu umo kwenye orodha hiyo, lakini hakuna anayeweza kunyoosha kidole kwenye jicho la mtu mmoja na kusema ni jua tu.

Baba aliuliza swali moja. "Mkitoa hicho kioo cha ndani, mnaweka nini?"

"Tunaweka lenzi ya bandia, mwalimu. Ni kama plastiki."

Baba alinigeukia. "Plastiki?" Najua aliwaza dashibodi.

Nilimhadithia tukiwa kwenye foleni ya dirisha la malipo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Uingereza walirushwa vipande vya paa la ndege machoni ndege zao ziliposhambuliwa. Paa hizo zilikuwa za akriliki. Daktari wa macho aitwaye Harold Ridley aliona kuwa vipande vile vinaweza kukaa ndani ya jicho miaka bila jicho kuvikataa kama linavyokataa vitu vingine. Mwaka 1949 jijini London akawa wa kwanza kumwekea mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya bandia iliyotengenezwa kwa akriliki. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Leo lenzi za jamaa ya akriliki zinawekwa duniani kote, na nyingi hutengenezwa zikiwa na uwezo wa kuzuia miale ya urujuanimno.

"Kwa hiyo hii haipauki?" baba aliuliza.

"Haipauki kama dashibodi, baba."

"Vizuri. Maana humo huwezi kuingia na dawa ya meno."

Jicho la kulia alifanyiwa Septemba. Alichomwa dawa ya ganzi, hakulazwa usingizi, na haikuchukua hata nusu saa. Alitoka na bandeji, akiwa amenuna kwa sababu alikatazwa kuinama, kubeba vitu vizito na kufikicha jicho. Mama alimwekea matone kwa saa, bila kukosa, kama alivyokuwa akimtajia matuta.

Bandeji ilipotolewa kesho yake, kitu cha kwanza alichosema kilikuwa kuhusu mama. "Kumbe kitenge hiki ni cha bluu."

"Ni cha bluu tangu Krismasi," mama akajibu, na akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta anajifuta macho kwa kitenge hicho hicho.

Safari ya Ipogolo

Oktoba tulikwenda Iringa. Niliendesha mimi, kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa bado kufanyiwa na daktari hakuwa amemruhusu kushika usukani. Baba alikaa mbele, mama nyuma, magoti ameyanyoosha. Dashibodi ilikuwa imetulia, kijivu isiyong'aa, haina taswira kwenye kioo. Kila tunaposimama niliitandikia kanga juu. Na kila alipotoka nje baba alivaa kofia pana na miwani ya jua yenye alama ya kuzuia miale yote ya urujuanimno, si ile ya rangi nyeusi tu, ambayo isipokuwa na kinga inaweza kumfungua mtu mboni na kuingiza miale zaidi.

Mara hii aliyekuwa hanyamazi ni yeye. "Lori hilo." "Tuta." "Kibao kinasema 50." Alisoma kila kibao kuanzia Uyole hadi Makambako kwa sauti, kama darasa la kwanza. Mama nyuma hakusema neno hata moja. Nilipomtazama kwenye kioo kidogo, alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi. Mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akilala ndani ya gari lile.

Pale Ipogolo, kabla ya kupanda mlima kuingia mjini, tulisimama kunywa soda. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza nyanya aliinama dirishani, "Kamwene," akasalimia. "Kamwene," baba akaitikia, kwa lafudhi yake mbaya ya Kinyakyusa, akazichagua nyanya moja moja, akairudisha iliyokuwa na doa.

Nilipowasha gari tena nilimwona ameinama upande wangu, shingo ameinyoosha, akiukazia macho mshale wa spidi. Nikadhani ukungu umerudi. Moyo ulinipasuka.

"Nini, baba?"

"Hiki kioo," alisema, "nani kakikwangua hivi?"

"Mimi. Ile siku ya dawa ya meno."

Aliitazama mikwaruzo ile myembamba, mmoja mmoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Haraka," akasema, na akafunga mkanda.